Kijiji cha Wenye Miaka Thelathini

Atupele mwanangu,

Habari za sweta, za sabuni, za kutotoa mkono dirishani basi likipita kwenye kona, nimekwisha kukuambia mpaka ukaziba masikio. Hapa sizirudii. Sanduku lako liko mlangoni, wewe umelala, na mimi nimechukua kalamu uliyoisahau mezani kwa sababu kuna jambo ambalo mdomo wangu umekataa kulisema wiki nzima. Nina wivu, Atu. Nawaonea wivu watu wawili, shangazi yako Tumpe na wewe mwenyewe.

Usicheke. Najua umecheka. Watu husema wivu kidonda, ukishiriki utakonda, nami nimeshiriki miaka miwili sasa na sijakonda hata kidogo, waulize akina mama wa kwaya ambao kila Jumapili wananibana ili na wao wapate kukaa kwenye benchi. Kidonda changu mimi kinanenepesha.

Chanzo ni ule mchezo wenu wa Safari ya Nyota. Nimeukasirikia mchezo ule kama vile ni mtu mwenye miguu aliyeingia ndani mwangu bila hodi.

Ulianza ile Desemba ambayo shangazi yako alikuja likizo kutoka Iringa anakofundisha, na babu yako naye akawa amekuja kutoka Tukuyu na mikungu yake ya ndizi. Baba yako alikuwa kazini relini kama kawaida yake. Ninyi watatu mlikaa sebuleni. Mimi nilikuwa jikoni, na sababu unaijua, lakini naiandika kwa kuwa huko uendako utalala chumba kimoja na watoto wa Kihehe na Kibena, nao watakuuliza habari za kwenu. Kwetu Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja, hatamki jina lake. Kijijini ukimwona anakuja unaingia kichakani mpaka apite. Hapa Soweto, Mbeya mjini, hakuna vichaka, basi mimi hujificha nyuma ya pipa la maji, na jirani yetu Msafwa hunicheka mpaka anashika mbavu. "Mwenzangu, mzee wa watu hang'ati!" Atajuaje?

Kwa hiyo mchezo ulizaliwa sebuleni kwangu na mimi nikausikia kwa mlango wa jikoni uliosindikwa nusu.

Redio ilikuwa imetoka kusema habari za watu waliorushwa angani. Ukauliza, "Shangazi, na sisi wa huku tukienda?" Shangazi yako akasema nyota ni mbali mno, anayeondoka mtoto atafika na mvi. Babu yako akakohoa, akasema kama ni hivyo basi humo ndani ya chombo lazima wajengewe vijiji, kila rika na chake. Akakuhadithia mambo ya zamani: jinsi wavulana walivyofika umri fulani wakaondoka kwa baba zao, wakaenda kujenga vibanda vyao pembeni, wakakua pamoja, wakaoa pamoja, wakazeeka pamoja kijiji hicho hicho, kwa sababu haikuwa adabu mtoto mkubwa kulala karibu na mzazi wake.

"Na wasichana?" ukauliza.

"Wasichana waliwafuata waume zao."

"Huko nyotani hawatamfuata mtu, babu. Watakuwa na vijiji vyao."

Mzee akacheka. Mimi jikoni nikasema "Ameni" na mwiko mkononi.

Mkaweka sheria. Kabla ya kupanda chomboni kila mtu achague umri wa kuanzia, na umri huo ndio utakaoamua anakaa kijiji gani, anafanya kazi gani, anajua nini na anakatazwa nini. Hakuna ruhusa ya kudokoa akili ya umri mwingine. Kuchagua kwenyewe kukangoja jioni ya kesho yake. Babu yako akachagua miaka kumi, akasema anataka kuiba ndizi za ghala bila kuitwa mzee mwizi. Shangazi yako akachagua thelathini, akasema ndio umri wake na amechoka kuudanganya. Nikasimama wima nikusikilize wewe. Ulikuwa na kumi na tatu. Nilidhani utasema ishirini, umri wa mabinti wanaovaa viatu vya visigino. Ukasema thelathini.

"Mtoto wa jana huyu!" babu akapiga kelele.

"Nimeshachagua."

Shangazi yako akapiga makofi. "Rika moja! Basi mimi na wewe kijiji kimoja, nyumba moja, chungu kimoja!"

Maharage yaliyoungua siku ile, mkadhani ni kuni mbichi, yaliungua kwa sababu hiyo. Chungu kimoja! Chungu chenyewe nakipika mimi, machozi ya moshi yananitoka, halafu mtu anatoka na basi la Iringa na mkoba wake mzuri, ananiambia yeye na mtoto wangu ni chungu kimoja. Nililala na hasira hiyo, nikaamka nayo, nikaenda nayo kanisani.

Kila likizo mkaendelea. Wewe ulikuwa nahodha, shangazi yako msaidizi wako. Nilikuwa nasikia sauti yako ikitoa amri, "Washa taa za nje! Tunapita karibu na jua, kila mtu afunike macho!" na shangazi yako anajibu, "Ndiyo, nahodha," na yule mzee wa miaka kumi anapigwa marufuku kukaribia ghala. Nikipita nje ya dirisha na beseni mnanyamaza. Labda hamkunyamaza. Mwenye wivu husikia kimya hata penye kelele.

Halafu ukaja jikoni ile likizo ya mvua. "Mama, kuna nafasi chomboni. Chagua umri wa kuanzia."

Nikakwambia siwezi kukaa sebuleni na baba mkwe.

"Lakini humo ana miaka kumi! Si mkwe wako humo, ni kitoto."

"Mkwe ni mkwe hata mwezini."

Tukasikia kikohozi kule sebuleni, na mimi nikafunika kichwa kwa kanga ingawa ukuta ulikuwa katikati. Ukarudi kushauriana nao, ukaja tena na jibu kwamba nitachezea hapo hapo jikoni, na wewe utasimama mlangoni kunipelekea habari. "Sema basi, umri gani?"

Nilijifanya nafikiri, lakini nilikuwa nimeufikiria miezi. Nikasema kumi na sita.

Nikuambie nilivyopiga hesabu. Niliona safari inaanza upya na kila mtu anachagua upya. Nikajua umechoka kuigiza watu wazima, sasa utachukua umri wako wa kweli, kumi na nne. Kumi na nne na kumi na sita ni rika moja. Tutakaa kijiji kimoja, na Tumpe abaki na thelathini yake peke yake, anywe uji wake peke yake. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi hata vidole vya miguu.

Ukaenda kuwaambia. Nikasikia, "Mama kumi na sita!" Wakacheka kwa wema. Kisha shangazi akauliza, "Na wewe, nahodha?" Ukasema, "Thelathini. Kama mwanzo."

Nikabaki katika kijiji cha wasichana peke yangu, mimi na sufuria.

Lakini kuna sababu nyingine ya kumi na sita, na hiyo hukuijua. Nilikuwa na miaka kumi na sita ya kweli wakati fulani, na sikuruhusiwa kuikaa. Nilikuwa nimemaliza darasa la sita, mwalimu ananisifu, na baba yako akaleta watu wa kuposa. Mchungaji akauliza umri wa binti. Baba yangu, mbele yangu, akasema kumi na nane. Alisema bila kupepesa macho, kama mtu anayetaja bei ya ng'ombe. Nikamtazama mama, naye akatazama mikono yake. Nikawa na kumi na nane tangu dakika ile. Ndiyo maana hadi leo kwa hesabu ya mama yangu nina thelathini na mbili, kwa hesabu ya kanisa thelathini na nne, na ukiniuliza mimi nilikuwa nakujibu thelathini tu, mwaka hadi mwaka, ukawa unanicheka kwamba umri wa mama umeota mizizi.

Kosa langu halikuwa kuolewa. Baba yako ni mtu mwema, hanipigi, hanywi mshahara. Kosa langu ni kwamba nilinyamaza, na baada ya kunyamaza mara ile nikaona kunyamaza ni rahisi, nikazoea. Utakutana na watu wa namna hiyo, Atu. Ukitaka kusema jambo watakuambia bado mtoto. Wakitaka kukuoa, au kukutwisha kazi, watakuambia umeshakuwa mtu mzima. Siku hiyo hiyo moja! Mimi sijui dawa yake. Najua tu kwamba mtu wa kutaja umri wangu nilikuwa mimi, na sikuutaja.

Basi ukasimama mlangoni ukaniambia, "Nahodha ameamua. Msichana wa miaka kumi na sita lazima asome. Chombo kina shule." Ukaniuliza kwa nini mwezi hauanguki. Nikasema Mungu ameushika. Ukasema, "Vizuri sana. Ameushika kwa kitu gani?" Nikacheka, nikasema sijui, na wewe ukanieleza kwa viazi viwili na uzi, huku mchuzi unachemka. Likizo ile yote nilisoma. Nilikuwa naharakisha kazi zangu ili unikute mikono mikavu. Na kila uliponifundisha, furaha ikinijia, wivu ulikuja nyuma yake umeshika nguo yake. Nikawa nasema moyoni, huyu mtoto anayajua haya na anakaribia umri ambao mimi nilikuwa napimiwa gauni la harusi. Sikukuonea wivu wa ubaya. Au labda ulikuwa wa ubaya, sijui unapimwaje. Kuna siku ulirudi umeshinda mtihani wa kila mwezi nami nikakutuma maji kabla hujamaliza kuhadithia. Ndoo ilikuwa imejaa. Uliiona, ukaenda hivyo hivyo.

Sasa nije kwa wiki iliyopita.

Majina yalipotoka na wewe ukachaguliwa kwenda kidato cha kwanza Iringa, nyumba nzima ilipiga vigelegele na mimi nilipiga cha juu kuliko wote. Kisha nikamwendea baba yako, nikamwambia Iringa ni baridi, Iringa ni mbali, tuombe ubadilishiwe usome hapa hapa Mbeya. Akaniangalia. "Mama Atu, Mbeya ndiyo yenye joto?" Iringa kwangu haikuwa baridi wala mbali. Iringa ilikuwa Kihesa, nyumbani kwa Tumpe, ambako utakuwa unakwenda kila ukipewa ruhusa shuleni, unakuta kitanda kimetandikwa na sahani yako ina mahali pake.

Shangazi yako alipokuja kuleta mabuku yako na lile koti, nilisubiri utoke kwenda dukani, nikamwambia kule uani. Nilimwambia, "Wifi, huna mtoto, sasa unachukua wangu."

Nililisema hivyo hivyo. Nimeishi naye miaka yote hii, ananiletea sabuni za kunukia, amelala na mimi hospitali ulipougua surua, na nikalisema. Naomba umfahamu shangazi yako kwa jinsi alivyonijibu. Hakulia wala hakupayuka. Aliketi juu ya kinu kilicholala, akavuta pumzi, akasema, "Wifi, unajua kwa nini Atu alichagua thelathini?"

Nikasema, "Kuwa na wewe."

"Hata kama alichagua kabla hajajua mimi nina ngapi?"

"Ulisema kwanza. Nilikuwa nasikia."

"Nilisema kwanza kwa sauti. Asubuhi ya siku ile alikuwa amekwisha kuniambia, akinisuka. Alisema, mama ana thelathini, mimi nitakaa kijiji cha mama. Siku moja akiingia mchezoni anikute nimemshikia nafasi. Halafu wewe ukaja na kumi na sita. Wifi, mtoto alirudi sebuleni amepauka. Alidhani umekimbia kijiji chake. Usiku nikamwambia ajishushe, aje kumi na sita kwako. Akasema hapana, labda mama atabadili."

Nilishika kamba ya kuanikia nguo.

Mwanangu, tulipishana. Wewe ulipanda kunifuata, mimi nikashuka kukufuata, na tukapishana njiani kama watu wa kwenye ngazi gizani, kila mmoja akilalamika kwamba mwenzake hayupo. Miaka miwili! Na mlango ulikuwa wazi nusu.

Ungedhani hapo wivu wangu ungekwisha. Haukwisha, ulihama. Sasa nilianza kumwonea wivu huyo mama uliyekuwa unamwigiza. Nikakumbuka yote niliyoyasikia kwa mlango. Mwanamke yule wa miaka thelathini alitoa amri na watu wakatii. Alimkatalia babu ghala, tena kwa sauti, na babu akasema "Haya mama." Alipita mbele ya jua. Hakuna mtu aliyemtajia umri wake. Hakujificha nyuma ya pipa. Wewe ulimwona wapi mama huyo, Atu? Ulimtoa kwangu kwa sehemu gani? Nimejitafuta mwili mzima. Namwonea wivu kuliko Tumpe, kuliko wewe, na kila nikimfikiria nakasirika, kwa kuwa ana jina langu na wewe unampenda.

Nilimwomba shangazi yako msamaha pale pale uani. Alinisukuma bega, akasema, "Ndaga, asante wifi, yameisha." Kwake yameisha. Mimi yangu huwa yanachukua muda.

Jana uliniambia mchezo utaendelea hata ukiwa shule, kwa barua, na kwamba safari inaanza upya na mimi niseme umri wangu. Nilikujibu kwamba nina nguo za kuanua. Nguo hazikuwepo. Nilikimbia, kama kawaida yangu.

Asubuhi, kabla ya basi, babu yako atakuombea. Amekuja kwa ajili hiyo. Mtakaa sebuleni, utapiga magoti mbele yake, atakuwekea mkono kichwani. Ulipobarikiwa kipaimara kanisani na baadaye akakuombea hapa nyumbani, mimi nilisikia "Amina" kutoka jikoni, na ulipotoka kunikumbatia mkono wake ulikuwa umeshakuacha. Sikuona uso wako wakati ule. Nimezaa uso huo mwenyewe.

Kwa hiyo nimemwambia baba yako jioni hii kwamba nataka kuwemo sebuleni, na baba yako akaenda kumwambia mzee. Nilisubiri jikoni. Alirudi akasema mzee amesema yeye ni Mkristo na magoti yake yanauma, hawezi kumkimbia mkamwana wala kumfukuza. Sijui hiyo ni ruhusa au ni nini. Nimeichukua kuwa ruhusa. Nitaingia. Nitakaa karibu na mlango, sitamtazama usoni, maana macho yangu yana adabu yake na hayawezi kuiacha kwa siku moja, lakini nitakuwa chumba kile kile na nitakutazama wewe. Nikiangusha kitu au nikijikwaa kwenye mkeka, usicheke. Sijawahi kupita mlango ule yeye akiwa ndani.

Barua hii utaikuta juu ya nguo zako. Utaisoma njiani, pengine pale basi linaposimama watu wanunue viazi, na jioni utashuka Ipogolo, pale Iringa, na shangazi yako atakuwa amesimama pale na shali lake ananyoosha shingo. Mkumbatie vizuri. Mkumbatie kwa ajili yangu pia, lakini kwa ajili yangu iwe fupi. Nimemwomba msamaha, sikumwambia nimeacha wivu. Ukilala kwake utaota ndoto nzuri, nami nitakuwa hapa natazama kitanda chako na kuuma meno, na sioni aibu kukuandikia hivyo, kwa kuwa ningekuandikia kwamba moyo wangu ni mweupe, ungejua mama anadanganya.

Na umri wangu wa kuanzia ninautaja mwenyewe, mtu yeyote asinitajie. Ni thelathini. Mwambie shangazi yako asogee, nyumba hiyo nakaa mimi na wewe.

Mama yako